Mrija wa Kamanda

Enzi zetu mtu hakuitwa kamanda hivi hivi. Siku hizi hapa stendi ya Kibondo kila kijana wa bodaboda ni kamanda. "Kamanda, vipi!" "Poa, kamanda!" Kamanda gani, suruali yenyewe inamshinda kuifunga? Sisi tuliokulia Makere tulimjua mmoja tu, na yeye jina lile alilipata kwa bunduki na kwa maji.

Alizaliwa huko chini, mwambao wa Ziwa Tanganyika, baba yake mvuvi wa dagaa. Vita vya mapinduzi vilipozuka ng'ambo, Kongo, wapiganaji walimpa maboti ya injini yenye bunduki mbele, ayaongoze. Wazee walisimulia kwamba meli ya serikali iliwahi kumkimbiza kutwa nzima, akajificha kwenye matete, akatoka na silaha zote kavu. Lakini mapinduzi yalishindwa. Wenzake wengi waliliwa na ziwa. Yeye alibaki na boti moja, na Burundi kwetu kulipowaka moto, akaligeuza kuwa la kuvusha wakimbizi.

Ndilo lililotuvusha sisi. Baba alikuwa ameshachukuliwa, hakurudi. Tulikuwa mama, mimi, na mdogo wangu wa kike aliyezaliwa juzijuzi tu. Ilikuwa alfajiri, ukungu umelala juu ya maji. Tukasikia injini ya askari. Mtoto akaanza kulia. Kamanda, kule nyuma kwenye usukani, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mnyamazishe. La sivyo tunakufa wote."

Mama alimfunika kwa kitenge, akamkandamiza kifuani. Injini ile ikapita. Watu wakashusha pumzi. Mtoto hakupumua tena.

Tulipofika upande huu, Kamanda mwenyewe alichimba kaburi mchangani kwa kasia. Kisha akarudi kuchukua wengine.

Miaka ikapita, boti likaoza, naye akaletwa huku milimani Makere, tulikopelekwa sisi wakimbizi, akapewa shamba bondeni karibu na letu. Mtu wa maji, alime maharage! Jembe alilishika kama kasia, tulimcheka sana. Ila sisi watoto tulimpenda. Jumapili baada ya misa tuliuburuta mtumbwi wa mama wa kukamulia ndizi za pombe, tukakaa ndani kwa mstari, bado unanukia ndizi mbivu na nyuki wanatuzunguka, naye anatuamrisha: "Wa mbele, angalia! Injini polepole! Kimya chomboni!" Tulikaa kimya hata nyuki akitutua puani. Watoto wa leo uwaambie kimya, wanakuuliza kwa nini.

Mama akitokea na fimbo, mchezo umekwisha. "Tokeni humo! Mtumbwi wangu ni wa pombe, si wa kuulia watoto!" Kamanda alivua kofia, akaenda zake.

Ninyi wa chupa hamjui, acheni niwaambie. Pombe yetu ya mtama ilikaa kwenye chungu kimoja, katikati. Kila mtu alikuja na umuheha wake, ule mrija mrefu, vichwa vikakutana. Mtu mwenye deni la damu kati yako na yeye, huchomeki mrija chungu kimoja naye. Kwa hiyo palipokuwa na mama, Kamanda alikaa nje karibu na mbuzi, akapelekewa yake kwenye kibuyu. Mtu aliyeogopwa ziwa zima, ananywa na mbuzi.

Wazee walimsihi mama, wakimwita kwa jina langu. "Mama Sesilia, si ni boti lake lililokuokoa?"

"Najua," mama alijibu. "Na mwanangu? Hata kuniuliza hajaniuliza."

Walidhani anataka aombwe msamaha. Hata mimi nilidhani hivyo.

Kamanda alizeeka vibaya. Maji yalimjaa miguuni, yakapanda tumboni. Mama aliposikia hali yake, akapika pombe bila kumwambia mtu, akajitwika chungu, mimi nikabeba mrija. Tulimkuta amelala mlangoni, anaota jua. Mama akasimama tu, chungu kichwani. Mimi nikaanza kuhesabu kuku.

Ndipo Kamanda akasema, "Mama Sesilia. Yule mtoto aliitwa nani?"

Mama akatua chungu. "Hakuitwa. Tulikimbia kabla hajapewa jina. Na wa kumpa hakuwepo."

"Mle botini nilikataza majina, mtu akikamatwa asiwataje wenzake," akasema. "Ndiyo maana sikuuliza."

"Boti lilifika siku ile ile, Kamanda. Miaka yote hii hukuuliza."

Akageuzia uso ukutani. Nilifikiri ndiyo anakufa, na sisi tumekuja bure. Kisha akasema, "Aitwe Zaina. Ni jina la mama yangu."

Jina la Kiislamu, na sisi Wakatoliki. Mama hakubisha. Alichomeka mrija, akanywa yeye kwanza, mgonjwa aone haina sumu. Akaufuta kwa kitenge chake, akamwekea mdomoni. Kamanda alivuta kidogo, pombe ikamrudi kidevuni. Mama akampangusa. Wiki haikwisha, tukamzika.

Binti yangu wa mwisho nikamwita Zaina. Padri alikunja uso, akamwongezea Maria mbele. Nikamwambia aongeze atakavyo, Zaina libaki.

Mrija nimeuchomeka kwenye paa la jiko. Mjukuu wangu aliuchomoa akauliza, "Bibi, hii ni antena?" Nikamwambia aurudishe palepale. Jioni nikaenda kwenye sherehe ya jirani. Kila mtu na chupa yake, kila mtu na simu yake, wanacheka. Enzi zetu ukiona mrija umekosekana chunguni, ulijua nani ana donda na nani, na wazee hawakulala mpaka wawapatanishe. Leo unakaa meza moja na mtu aliyekuulia mtu wako, mnagonganisha chupa mpaka mnazeeka, na hakuna wa kuuliza jina.