Mwanangu Anatembea, Kiti Mwendo cha Nini?

Admin, jina langu lifiche, ila mji uache uonekane. Naandika kutoka Tunduma. Nina miaka thelathini na nne, nimeolewa, nauza maharage na mchele karibu na mpaka, na wateja wangu wengi ni Wazambia wanaoniita bamayo, yaani mama kwa lugha yao. Mtoto wangu wa kwanza ni binti, nitamwita Tumaini, ana miaka kumi na mmoja. Alizaliwa na ulemavu wa akili. Maneno hana mengi, lakini miguu anayo, tena ananishinda mbio. Hilo la miguu mlishike, ndilo lililoniletea balaa.

Mnaoujua mji huu mnajua malori yanavyojipanga barabarani. Tumaini akiona lori anataka kwenda kuligusa, hajui hatari. Baba yake ni fundi ujenzi, anashinda kazini, na nyumbani hakuna wa kukaa naye. Kwa hiyo nilikuwa namfunga kitenge kiunoni, ncha ya pili naifunga kwenye mguu wa meza yangu, ndipo niuze. Ndiyo, mwanangu nilimfunga kama mbuzi. Nilisemwa sana. Wengine walidai nimemtoa kafara nipate wateja. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Mama Tumaini, mlete nikushikie kidogo."

Kisha shule ya msingi ya jirani ikafungua darasa la watoto kama yeye, na mwalimu mmoja aliyesomea elimu maalumu. Jamani, kile kitenge nilikifua nikakivaa! Mwanangu alijifunza kwenda chooni mwenyewe, kufunga vifungo, na kuchambua maharage, mawe huku na mabovu kule. Akitoka shule anakaa mezani kwangu bila kufungwa, anachambua, na mteja akigusa fungu lake anamchapa mkono. Nilicheka sana siku zile, nikanenepa hata.

Mwalimu akahamishwa, na mwingine hakuletwa. Darasa likafungwa, sasa wanahifadhia viti vya sherehe na maturubai. Nilikwenda ofisini kuuliza, nikajibiwa, "Mama, bajeti haina fungu la hao. Tunatafuta wafadhili." Hao! Ushuru wa soko ninapolipa mbona haulizwi ni wa mama wa mtoto gani? Nilirudi nyumbani nikakitoa kitenge kabatini, nikalia.

Siku moja mwenyekiti wa mtaa akaja mezani kwangu akiwa na uso wa furaha. "Mama Tumaini, wafadhili wamepatikana. Jumamosi mlete mtoto, mvalishe vizuri, mgeni rasmi anakuja." Nikajua ni mwalimu. Nikamsuka mwanangu, nikamvalisha gauni la Krismasi.

Kufika uwanjani nikakuta kwaya, maspika na viti mwendo vimepangwa mstari. Nikamnong'oneza mwenyekiti, "Huyu wangu anatembea." Akanijibu bila kunitazama, "Akae tu, ni picha. Usituharibie shughuli." Wakamkalisha. Wenye watoto wasiotembea walipewa viti vyao na niliwafurahia kwa moyo wote, walivihitaji. Ilipofika zamu ya Tumaini, mgeni rasmi akashika kiti kwa nyuma, kamera zikaanza. Mwanangu akachoka kukaa. Akainuka, akazunguka nyuma, akamsogeza mgeni pembeni, akaanza kukisukuma kile kiti uwanja mzima huku anacheka.

Sasa sikieni vituko. Kina mama wa kwaya wakapiga vigelegele. "Ametembea! Bwana asifiwe!" Watu wakasimama, wengine wanalia machozi, mshereheshaji anapiga kelele, "Muujiza, Tunduma, muujiza!" Na mgeni rasmi naye kainua mikono juu, anapokea.

Hasira zikanipanda. Nikamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti.

"Nyamazeni kwanza. Hakuna muujiza hapa, huyu anatembea tangu hajaanza kuota meno ya nyuma. Muujiza ulikuwa kule darasani, na nyie mmeufungia viti vya sherehe. Sisi tunaomba mwalimu, tena wa serikali, anayelipwa kwenye bajeti kama wengine. Mishahara yenu haisubiri mfadhili. Kwa nini mwanangu ndiye asubiri?"

Wakazima maspika. Nikamshika Tumaini mkono tukaondoka, kiti nikakiacha palepale.

Tangu siku hiyo naambiwa sina shukrani, nimeaibisha mji mbele ya wageni. Mwenyekiti amesema niombe radhi kwenye mkutano wa mtaa, ndipo atakapolisemea darasa kwa diwani. Nisipoomba, nisahau. Baba Tumaini, ambaye kwa kweli ananipenda, ananibembeleza, "Mke wangu, sema samahani yaishe. Fikiria mtoto." Na mimi ninamfikiria mtoto. Hivi ninavyoandika yuko hapa miguuni pangu, kitenge kiunoni, anavuta kuelekea malori.

Nikiomba radhi nitakuwa nimekubali kwamba mwalimu ni zawadi, anayepewa ni mwenye adabu. Siombi. Mkutanoni nitakwenda, na Tumaini nitakwenda naye kama anavyoshinda sokoni. Kitenge nitakifunga kwenye mguu wa meza yao kuu, nitakaa mbele, nisubiri waanze kikao. Wamfungue wenyewe.

Hilo la samahani msinishauri, nimeshamaliza. Nishaurini hili: baada ya mtaa niende kwa nani anayeandika hiyo bajeti, na nifike kwake vipi asinizimie maspika? Na wewe unayesoma kimyakimya, uwe Vwawa, Ileje au Ndalambo, umemfungia wako ndani na ufunguo uko mfukoni, nakujua kwa sababu hata mimi ni kama wewe. Mfungue. Mkutano ni wa hadhara, njoo naye.