Methali za Wahispania Jikoni kwa Mama

Kwetu hakuna aliyekuwa anasema hapana. Nilikulia Nyololo, kando ya barabara kuu, kwenye nyumba ya watu wawili walioongea kwa methali kuanzia chai ya asubuhi. Ukimwomba baba viatu vipya vya shule, anakujibu, "Mvumilivu hula mbivu," kisha anaendelea kunoa shoka lake. Hapo ujue umenyimwa. Mama akisema, "Haba na haba hujaza kibaba," unaweza kuanza kutumaini, maana ameshaanza kulifikiria. Na wenyewe kwa wenyewe waligombana hivyohivyo. Baba anatupa methali kutoka kibarazani, mama anamrudishia kutoka jikoni, mpaka mmoja anaishiwa na kuanza kucheka. Sikumbuki siku waliyotukanana. Natamani hata leo kusikia ugomvi wao mmoja tu, na harufu ile ya moshi wa kuni za mpaina.

Baba alitangulia. Mama akabaki peke yake, na sisi watoto tukawa tunampigia simu na kumtumia mashuka mazito ya kujifunikia. Halafu msimu mmoja wa baridi, ukungu umetanda mpaka saa nne, akaanguka kwenye shamba la viazi. Jirani alimkuta amekaa chini, hajui amefikaje pale. Nilipopigiwa simu sikungoja kesho. Nilipanda basi kutoka Mbeya, ninakoishi na nilikofundisha fasihi mpaka nikastaafu, nikiwa na nia moja: kumchukua mama nije kukaa naye. Sikuwa naenda kumwomba. Mimi si mwanamke wa kubembeleza, na hilo mama alilijua kuliko mtu yeyote.

Kwenye begi nilikuwa na mchele nilioununua njiani, Chimala, na kitabu kimoja kikuukuu nilichokipata kwa muuza vitabu vya mitumba mjini Mbeya. Kilikuwa cha hadithi za kale za Wahispania, kimetafsiriwa kwa Kiingereza, kurasa zimekuwa rangi ya chai ya rangi. Nilikuwa nimekisoma nikakipenda kwa sababu moja. Watu wa kawaida mle ndani, wachunga mbuzi, wenye nyumba za wageni, watumishi, bibi vizee, hawafungui mdomo bila methali. Wanazimwaga tatu nne kwa mpigo. Waliosoma wanawakemea kwamba hayo ni maneno ya washamba, halafu ukifunua kurasa mbili mbele unawakuta na wao wanazitumia.

Mchana mama alikuwa anapukuchua mahindi jikoni, nami nikawa nasoma kwa sauti, nikigeuza Kiswahili papo hapo. Nilitaka kumlainisha kabla sijaleta habari ya Mbeya.

"Wanasema, nyumbani kwa mhunzi, kisu cha mti," nikamwambia.

"Kwenye miti hakuna wajenzi," akajibu bila kuinua macho. "Endelea."

"Tamaa hupasua gunia."

"Mtaka yote hukosa yote. Hao watu walipita Makambako, hao. Lazima."

"Kwa mwenye njaa hakuna mkate mgumu."

Hapo akaacha mahindi, akanitazama. "Mkate? Mkate unajua nini? Sema kiporo."

Nilicheka mpaka machozi. Kila methali ya Wahispania alikuwa nayo ndugu yake, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kihehe ambacho mimi nakisikia vizuri kuliko ninavyokisema. Nilipomweleza kwamba mle ndani wenye elimu wanawakataza watumishi kuongea hivyo, alikasirika kweli, kana kwamba wamemkataza yeye. "Kwa nini wawakataze? Mtu hana shamba kubwa, hana cheo, hana nini. Hiyo maneno ndiyo aliyoachiwa." Nimefundisha fasihi miaka mingi na sikuwahi kulieleza jambo hilo vizuri hivyo darasani.

Siku kadhaa zikapita namna hiyo, nzuri kabisa, na bado sijafungua mdomo. Mchana mmoja nikaona nazidi kujidanganya. Nikakifunga kitabu, kidole kikiwa katikati ya kurasa.

"Mama, fimbo ya mbali haiui nyoka. Ukianguka tena, mimi niko Mbeya. Twende wote."

Alijua nilichokuja kufanya tangu nilipoteremka kwenye basi, kwa hiyo hakushtuka. "Usiache mbachao kwa msala upitao," akasema.

"Mbachao wenyewe umetoboka, mama."

Akacheka kidogo. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

"Jembe lipo, na bustani ipo. Utapanda mboga mpaka uchoke."

"Samaki mkunje angali mbichi. Mimi nimeshakauka."

Damu ilikuwa imeanza kunichemka. Nilimjua, angeweza kuendelea hivyo mpaka mahindi yaishe gunia zima. Ndipo nikakifungua kitabu pale kilipokuwa kidole changu, kwa sababu silaha yangu nilikuwa nimeiweka tayari.

"Wahispania wanasema, si yule uliyezaliwa naye, ni yule unayelisha naye." Nikamfafanulia kama ninavyofafanua darasani: kwamba kulisha hapo ni kula majani pamoja, na ng'ombe humjua mwenzake wa malishoni, kwamba kwenu si pale ulipozaliwa, ni pale wanapoishi unaokula nao na kushinda nao. Akija Mbeya tutalisha pamoja, na Mbeya itakuwa kwake. Nilijiona nimeshinda, nisiseme uongo.

Mama aliweka gunzi chini. Mimi nikaanza kupanga kichwani chumba gani atalala.

"Hiyo ni ya kweli," akasema mwishowe. "Ni nzuri kuliko zote ulizosoma. Mimi nimelisha na baba yako. Na baba yako yuko pale, nyuma ya miparachichi." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Siendi, mwanangu. Hapana."

Neno hilo lilinipiga. Nilikasirika, nikamuuliza kwa ukali, "Na ukianguka tena?"

"Nitaanguka."

"Huogopi?"

"Naogopa. Lakini siogopi kuanguka." Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, haina methali, haina mzaha. "Nikiwa humu ndani naongea. Nasema jambo, nangoja. Hakuna anayejibu."

Nililia mbele yake kama mtoto. Yeye hakulia. Aliniacha nimalize, kisha akanisogezea kitabu kwa ncha ya kidole kama kitu ambacho bado kina kazi.

"Uje wewe," akasema. "Uje na hiyo kitabu yako. Na usinisomee tu. Unijibu."

Basi nikawa naenda. Binti wa jirani alikubali kuwa analala naye, na mimi kila mwezi nikawa napanda basi la asubuhi kwenda Nyololo. Kitabu tulikimaliza, tukakianza upya. Nilijitahidi sana, nikajifunza methali nilizokuwa nimezisahau na nyingine sikuwahi kuzijua, lakini sikuwahi kumshinda. Baba ndiye aliyekuwa anamweza. Mama alifariki mwaka juzi kwenye kitanda chake mwenyewe, na tukamzika nyuma ya miparachichi, ubavuni kwa baba.

Wanangu ni watoto wazuri, sina la kuwalaumu. Wamekulia mjini, wanaongea moja kwa moja, ndiyo ni ndiyo, hapana ni hapana. Juzi wa mwisho alikuja kuniaga, anahamia Dodoma kikazi. Nilimsindikiza mpaka getini.

"Mwenda pole hajikwai," nikamwambia, nikasubiri.

"Sawa, mama," akasema, akanikumbatia, akaondoka.