Siku Mwano Ulipolia Shuleni

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ilianza kwa upepo. Haukuwa upepo wa kutisha, ulikuwa ule tu wa kiangazi tunaoujua huku kwetu, unaoviringisha vumbi njiani na kuwafanya ng'ombe wafumbe macho. Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili shuleni, na ndio uliokuwa wa mwisho, lakini hayo ya kukatishwa masomo ni mazungumzo mengine. Leo namwita yeyote aliyepata kazi katika shule, awe mwalimu, mpishi au mlinzi wa langoni. Sogea karibu. Kusoma sikusoma sana, ila majina ya watu na mambo yao hayajanitoka kichwani mpaka leo.

Shule yetu ilikuwa upande wa Songwa. Malori ya kwenda mgodi wa almasi yalipita karibu, nasi tukageuza shingo kuyatazama mpaka mwalimu akohoe. Ilikuwa na vyumba viwili vya udongo vilivyoezekwa nyasi, jiko la nyasi nyuma yake, na mbele uwanjani kichuguu kikubwa ambacho hakuna aliyejisumbua kukivunja. Mwalimu alikuwa mmoja, Mwalimu Rajabu, Mrangi wa Kondoa, mwembamba na mpole, asiyejua Kisukuma zaidi ya salamu. Na hiyo salamu nayo hakuijua saa zake. Alipotuambia "mwangaluka" jioni, salamu ya asubuhi, tulicheka mpaka tukashika matumbo, naye akacheka pamoja nasi.

Aliyetupikia uji wa mtama alikuwa mama yangu mzazi. Watu walimwita Mama Kabula, kwa jina langu mimi kifungua mimba wake. Kila siku alikuja na mdogo wangu Minza, mtoto wa kama miaka minne, kwa sababu nyumbani hapakuwa na wa kumwachia. Minza hakuwa mwanafunzi. Alicheza nyuma ya jiko, na akichoka alilala palepale.

Sasa lazima nikueleze mwano, maana ninyi mmezoea simu. Mwano ni yowe la hatari. Kwetu Usukuma, ukiusikia unaacha ulichoshika, hata kama ni tonge, unakimbilia unakotoka. Huulizi kama ni simba, wezi wa ng'ombe au moto, utajua ukifika. Asiyekwenda alitozwa mbuzi, na kibaya zaidi, siku yake ya shida angeweza kulia peke yake. Tulilelewa hivyo tangu tukiwa mgongoni. Tulikuwa hata na mchezo wake: mmoja anajificha na kupiga mwano, wengine tunashindana kufika. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Mwalimu Rajabu yeye alikuja na malezi mengine. Shule aliyofundisha zamani iliwahi kuungua, na hakupenda kuisimulia. Alitundika kipande cha reli kwenye mti na kutuambia kwamba kikigongwa mfululizo bila kupumzika, kila mtoto amshike mkono mwenzake, atoke, aende kwenye kichuguu, aketi, kisha ataje jina la mwenzake kwa sauti. Tukapangwa wawili wawili. Mwenzangu alikuwa Holo, binti wa Mzee Luhende. Kulwa na Doto, wale mapacha, walikataa kutenganishwa, wakaachwa. Mbuke alikuwa na Kwandu, Shija na Nkwimba. Tulizoezwa mara nyingi hata tukachoka, na siku moja siafu walimpanda Holo, akataja jina langu huku akirukaruka.

Wazee hawakufurahi. Mzee Luhende, mtu wa mzaha, alipita njiani na kusema, "Watoto wetu wanaatamia kichuguu. Tungoje tuone wataangua nini." Lakini babu yangu Masunga, baba yake mama, hakucheka. Sisi tulimwita Guku, ndiyo babu kwa Kisukuma. Yeye ndiye aliyesikilizwa kijijini katika mambo ya mwano. Akaja shuleni na fimbo yake.

"Shikamoo, mzee," Mwalimu akamwamkia.

"Marahaba. Nasikia unawafundisha wajukuu zangu kuketi wakati watu wanaungua."

"Nawafundisha wasiungue wao, mzee wangu."

"Asiyeitikia mwano si mtu," Guku akasema, akaondoka. Waliachana hivyo, kila mmoja ameshika lake. Hakuna aliyekuwa mjinga kati yao, mwanangu. Kila mmoja alikuwa na nusu ya neno, na nusu mbili zilikuwa hazijakutana.

Basi siku ile ya upepo, mama alikuwa anakoroga uji. Kikaja kisulisuli kutoka mashambani, kikaingia jikoni, kikazoa makaa na kuyatupa juu ya paa la darasa la wadogo. Nyasi za kiangazi huzijui wewe uliyekulia chini ya bati. Zililia kama karanga kikaangoni.

Mwalimu alitoka mbio, akagonga reli. Nasi tukafanya kama tulivyozoezwa. Nilimshika Holo mkono, tukatoka. Tulikuwa katikati ya uwanja, kichuguu kiko mbele yetu, ndipo mama yangu akapiga mwano.

Usimlaumu. Hiyo ndiyo njia aliyoijua ya kuita msaada, na msaada ulihitajika. Lakini sisi miguu iligeuka yenyewe. Wavulana wakubwa, Masanja akiwa mbele, waliachana mikono na kukimbilia moto huku wakivunja matawi. Mimi na Holo tulizunguka pale katikati, yeye akinivuta kwenda kwenye kichuguu, mimi nikivutwa na sauti ya mama. Mwalimu akasimama mbele yetu ametanua mikono kama anayezuia kuku wasiingie shambani, akawarudisha wadogo mmoja mmoja. Wakubwa walimpita pembeni.

Haukupita muda, kijiji kizima kilikuwa pale. Wanaume na matawi, wanawake na mitungi, vumbi na moshi, kila mtu akiamrisha na hakuna anayesikiliza. Paa likaanguka ndani, na chumba kilikuwa kitupu. Masanja na wenzake walirudishwa kwenye kichuguu, nyusi zimebabuka. Tukataja majina. Kila jina likaitikiwa. Nilimwona Mwalimu amefumba macho, midomo ikicheza, nadhani alikuwa anamshukuru Mungu wake.

Ndipo mama akatokea katika moshi, majivu mpaka kwenye kope, akaniuliza, "Minza yuko na nani?"

Sikuwa naye. Hakuna aliyekuwa naye. Kwenye kichuguu kila mtoto alikuwa na mwenzake, lakini Minza hakuwa mwanafunzi, hakupangwa na mtu, na jina lake halikuwa katika mdomo wa yeyote.

Ungedhani, mwanangu, watu wote pale wangemtafuta. Badala yake walianza kugombana. Mzee Luhende, mzaha umemtoka, alisema moto umetoka jikoni kwa Mama Kabula, na ni mwano wake uliowavuta watoto motoni. Mwingine akajibu kwamba kosa ni la huyu mgeni wa Kondoa aliyewagawa watoto na kumsahau mmoja. Wake za watu nao wakaingia. Mama alikuwa anazunguka akipiga mwano upya, sauti imepasuka, na kila alipoupiga, wengine walikuja wakikimbia na kuongeza kelele. Moto nao ulikuwa umeshafika kwenye jiko. Mimi nilimshika Holo mkono kwa nguvu, hata baadaye alinionyesha alama za kucha zangu.

Guku Masunga alifika akihema, maana miguu yake ilikuwa ya mzee. Aliusikiliza ule ugomvi kidogo tu. Kisha akaingia katikati na kuwatenganisha kwa fimbo kama anayepita kati ya mafahali.

"Nyamazeni," alisema. Hakupaza sauti. "Lawama haina miguu, kesho mtaikuta palepale. Mtoto ana miguu. Nani kamwona Minza?"

Wakanyamaza wote. Ulikuwa unasikia nyasi zikilia tu.

Akamgeukia mama. "Mayu," akamwambia, ndivyo tunavyomheshimu mwanamke, hata kama ni binti yako, "acha huo mwano. Mtoto mdogo akiogopa hakimbii, anajificha, na kelele zinamzidishia. Mwite kama unavyomwita kula."

Nilimwona mama akitafuta sauti yake ya kawaida, haipati. Akaipata. "Minza," akasema, "njoo mama, uji umepoa."

Akarudia tena, polepole zaidi. Ndipo tukasikia kikohozi.

Nyuma ya jiko kulikuwa na kihenge kikuukuu cha kuwekea mtama, kimelazwa ubavu kikingoja kukandikwa udongo upya. Minza alizoea kuingia humo akicheza. Mdomo wa kihenge ulikuwa umeelekea jikoni, na sasa nyasi za jiko zilizoanguka zilikuwa zinawaka pale mlangoni. Mwalimu Rajabu ndiye aliyekuwa karibu. Hakungoja maji. Alikwenda upande wa nyuma, akapasua fito za kihenge kwa mikono yake na kwa nguvu za Mungu, sijui nisemeje, akamtoa Minza akimvuta kwa miguu. Cheche zilimuunguza mkono kuanzia kiwiko, na alama ile alikuwa nayo mpaka alipohamishwa kutoka kwetu.

Minza alitoka mweusi kama chungu, macho tu ndiyo meupe. Akamtazama mama.

"Uji uko wapi?"

Watu walicheka na kulia kwa pamoja. Mama alikaa chini palepale kwenye majivu, amempakata, na hakuna aliyethubutu kumwambia ainuke. Mzee Luhende alikwenda kusimama upande wa pili wa uwanja, akitazama malori ambayo hayakuwapo.

Moto ulipozimwa, Guku aliomba wote waketi. Alikaa chini yeye kwanza, kando ya kichuguu, pamoja na sisi watoto. Hilo nalo lilisemwa kijijini kwa siku nyingi. Akasema, "Nilimwambia mwalimu kwamba asiyeitikia mwano si mtu. Neno hilo silifuti. Lakini mwano ni wa mwenye nguvu ya kusaidia. Mtoto huitikia mwano kwa kuonekana alipo. Hawa waliokaa hapa waliitikia."

Kisha akamgeukia Mwalimu, ambaye mkono wake ulikuwa umepakwa samli. Alimkemea, lakini kwa namna ya baba anayemkemea mwanawe wa pekee. "Nawe, kijana wangu, ulijua jambo jema ukalijua na watoto tu. Huyu mpishi uko naye kila siku. Ulimwambia akiona moto afanye nini?"

Mwalimu akainamisha kichwa. "Sikumwambia, mzee."

"Na sisi je?"

"Hamkuniuliza, nami niliona mnanicheka."

"Tulikucheka, ndiyo," Guku akasema. "Anayechekwa aseme mara ya pili. Mtoto ni wetu sote."

Kuanzia hapo mambo yalibadilika. Mama alifundishwa kugonga reli, akawa ndiye mwenye kuigonga, maana jiko jipya lilijengwa kando, kunakotazama uwanja wote. Minza alipewa mwenzake. Unajua nani? Masanja, lile pande la mtu lililoanza kuota ndevu. Aliona aibu mwezi mzima kushikana mkono na mtoto wa kamasi, na Minza hakumwachia hata siku ambazo hapakuwa na zoezi. Na wazee walikubaliana kwamba mwano ukilia upande wa shule, wa kwanza kufika haulizi moto uko wapi, anauliza watoto wako wapi. Tulipofanya zoezi, Guku mwenyewe alikuja kusimama njiani, akiwauliza watu swali hilo mmoja mmoja, nao wakalijibu kwa adabu kama wanafunzi.

Sasa nisikilize, ng'wanone, mwanangu wa moyoni. Siku hizi mna king'ora, mna mitungi ya kuzimia moto imetundikwa ukutani, nimeiona shuleni kwa mjukuu wangu. Vizuri. Lakini kinga wanayoijua wachache haimkingi mtu. Utaratibu wa hatari uambie wote, hata yule anayefagia na yule mama anayeuza mihogo langoni, maana siku ya siku huenda yeye ndiye atakayeona kwanza. Waulize pia wazee wa mahali pale watoto wao wamelelewa vipi wakisikia kelele, uwazoeze ukijua hilo. Hofu ikiingia, kichwa husahau. Miguu hufuata ilichozoeshwa. Kwa hiyo zoezi lisikuchoshe, hata wakikucheka.

Watazame wale wasiokuwa wa darasa lolote. Mtoto wa mpishi, mgeni aliyekuja kumtembelea dada yake, yule anayeumwa aliyelala ofisini. Kila aliye ndani ya uwanja wako awe na mtu mmoja wa kulitaja jina lake. Akikosekana mmoja, nyamazisheni watu kwanza, kisha mwiteni kwa sauti anayoipenda. Msitafute mwenye kosa kabla ya kumpata mtoto. Hasira hasara, na hasara ya siku kama ile hailipiki kwa ng'ombe.

Nami nakuombea. Mwenyezi Mungu akupe jicho lisilomruka mtu na ulimi mtulivu wakati wengine wanapiga kelele. Mikono yako isiwe na baridi wala woga. Na kila jioni ya kazi yako, mpaka siku utakapozeeka kama mimi, wote uliowapokea asubuhi uwarudishe kwa mama zao.