Nilimtaja Mwenyekiti

Kwetu bara ya Lindi, uchungu wa mwanamke ukifika siku ya pili, hakuna aliyesema mtoto amekaa vibaya. Mwanamke ndiye aliyekosa. Alitoka nje ya ndoa, na mtoto hatashuka mpaka amtaje mwanamume. Mkunga anamwinamia na kumwambia, "Taja, mwanangu, upone." Aliyetajwa naye hana usalama, maana mwanamke akifa, ndugu zake wanakwenda kudai damu yao mlangoni kwake. Walioupanga utaratibu huu hawajawahi kuzaa hata kifaranga.

Tulikuwa tumehamishwa na serikali kutoka mashambani, tukapangwa mstari mmoja, tukaambiwa tukikaa pamoja huduma zitatufikia. Tukakaa. Zahanati tuliijenga wenyewe, matofali tulibeba kichwani sisi wanawake, wengine na mimba zetu. Ikapakwa chokaa, ikawekewa kibao, ikafungwa kufuli kumngoja muuguzi. Muuguzi hakuja. Walikuja mbuzi, wakawa wanalala barazani.

Kilichofika ni trekta na tela lake, na ufunguo alikaa nao Mwenyekiti wa kijiji katika mfuko wa shati. Alikuwa mtu wa tumbo na hotuba. Kila mkutano alisema mama ndiye nguzo ya taifa. Ukimwomba trekta limpeleke nguzo hospitali, anasema dizeli ni ya korosho, tusichanganye mambo.

Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa mfu juu ya mkeka kwa sababu ya dizeli hiyo. Uchungu wa mimba ya pili nao ukalala, ukaamka, na asubuhi nikajua mambo ni yale yale, na safari hii huenda ningekwenda na mimi. Mume wangu alishaomba trekta mara mbili, mara zote akarudi na habari za korosho. Mkunga akaniinamia. "Taja, mwanangu."

Sikuwa na wa kumtaja. Wallahi, hata huyo mume mmoja nilishamchoka. Lakini nikamsikia Mwenyekiti uani. Alikuwa amekuja kumpa mume wangu pole mapema, anamwambia yote ni mipango ya Mungu. Hasira ilinipanda, maumivu yakakaa pembeni. Nikasema kwa sauti ya kufika nje, "Mwenyekiti."

Trekta likaja mbio. Mwenyekiti mwenyewe alishusha magunia ya korosho, jasho linamtoka, anaapa kwamba yeye hahusiki kabisa, ila dereva aongeze mwendo. Hospitali wakanipasua, wakamtoa mtoto wa kike, analia. Nikalia naye.

Niliporudi nikamwapia mume wangu kwa msahafu kwamba nilisema uongo. Akanitazama sana. "Kumbe unaweza hivyo," akasema, na tangu siku hiyo akawa mwangalifu na mimi. Niliyemwogopa hasa ni mke wa Mwenyekiti. Akaja na uji wa pilipili manga, nami nikamweleza ukweli wote.

"Najua, mwenzangu," akasema, anaukoroga uji. "Yule ataweza wapi?"

Mwenyekiti alikana kila baraza. Baada ya miezi akawa anakana huku anatabasamu.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya rafiki yangu, jirani aliyewafundisha watoto wa kike Kurani, mwanamke ambaye kuku wa mtu akitaga kwake hulirudisha yai. Siku ya pili hali yake ikawa mbaya. Nikamnong'oneza, mtaje yule yule. Akatikisa kichwa. Alisema hawezi kukutana na Mola wake na uongo mdomoni. Nikamwambia Mola anazijua habari za dizeli. Akafumba macho.

Nikaenda mwenyewe kwa Mwenyekiti, nikamkuta anakula. Nikamwamkia, akaitikia, nikamwambia mwenzangu anakufa, tupe trekta. Hakuuliza tangu lini, wala kama anatoka damu.

"Amenitaja?"

Tonge lilikuwa mkononi, analisubiri jibu langu. Ningesema hapana, angeendelea na ugali wake.

"Amekutaja," nikasema. "Na watu wamesikia."

Trekta likatoka. Rafiki yangu akapona, na mtoto wake wa kiume akapona. Aliporudi akakuta jina lake limezunguka kijiji kizima. Watoto wa kike waliondolewa darasani kwake, na mumewe, ambaye hakuwa mwangalifu kama wangu, akamwacha. Mwenyekiti alisifiwa na wageni kutoka wilayani kwa jinsi anavyowajali akina mama. Rafiki yangu alikuja kwangu mara moja tu, mtoto mgongoni, hakukubali hata kukaa.

"Ungeniacha nife na heshima yangu," akaniambia.

Inaniuma, sifichi. Rafiki wa kweli nilikuwa na mmoja tu, na heshima yake ndiyo niliyomnunulia dizeli, bila kumwuliza. Wakati mwingine najiambia ningesema tena vile vile. Wakati mwingine sijui.

Mwanawe sasa ni mtu mzima. Tukikutana njiani husimama, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, mama." Namwitikia marahaba, namwuliza habari za kazi, narefusha maneno nipate kumtazama. Mama yake husimama hatua chache mbele, ametupa kisogo, anamngoja amalize.