Mzee Aliyesoma Maneno ya Marehemu

Nilifundisha Kiingereza katika sekondari za Kakamega kwa miaka ishirini na miwili, na karibu kila mwaka nilirudia tamthilia ile ile ya kale ya Waingereza, iliyoandikwa kwa mashairi, ambamo mfalme aliyekufa anamrudia mwanawe kumweleza jinsi alivyouawa. Mwanafunzi akiniuliza kama mzimu ule ulikuwa wa kweli, nilimjibu kwamba hiyo ni mbinu ya mwandishi, na aandike hivyo apate alama.

Nilipostaafu nilianzisha kikundi cha kusoma karibu na Butali, katika ukumbi wa kanisa letu, kila Jumamosi alasiri. Tulikuwa wanne. Alikuwapo muuguzi wa zahanati, mwanamke asiyeamini kitu mpaka akipime. Alikuwapo mzee mmoja mpole, karani mstaafu, aliyekuwa amehamia kwetu kutoka Lugari mwaka huo huo. Na alikuwapo mama mshonaji, ambaye mumewe aliaga kwamba anavuka kwenda Uganda kutafuta kazi miaka kumi na mmoja nyuma, asirudi wala kupiga simu.

Kwetu, mtu akipotea na mwili usipatikane, watu wake huzika shina la mgomba mahali pake. Wakwe wa mshonaji walitaka kufanya hivyo. Alikataa kila mara. "Nitamzikaje mtu ambaye labda yuko mahali anakula ugali wake?" aliniambia siku moja.

Jumamosi ninayoikumbuka tulifika pale mwana anapokutana na babaye. Mzee nikampa sehemu ya mzimu kwa sababu ya sauti yake nzito. Mshonaji akawa mwana. Nje mawingu yalikuwa yameshuka, ukumbi ukawa na giza kama la saa moja jioni, na umeme ukapotea. Tukasogea dirishani na vitabu vyetu.

Mzee alisoma polepole, herufi za l na r zikibadilishana nafasi kinywani mwake, na kwa mara ya kwanza mashairi yale yalinisimamisha vinyweleo. Kisha ikafika zamu ya mshonaji. Hakusoma. Alikuwa amekiacha kitabu mapajani, anamtazama mzee.

"Ulibaki wapi?" akamuuliza, kwa Kiswahili.

Nilidhani mzee atacheka. Hakuinua macho.

"Kwenye maji," akasema. "Sikufika ng'ambo." Kisha akamwita kwa jina ambalo sikuwahi kulisikia, jina fupi, la kubembeleza.

Mvua ikaanguka juu ya mabati hata hatukusikilizana tena. Mshonaji alijifunika uso kwa leso na kulia bila sauti. Mvua ilipopungua, mzee alikuwa bado ameweka kidole kwenye mstari wake.

"Mwalimu, mbona mmenyamaza?" akaniuliza. "Nimeruka mahali?"

Tulipomweleza alichosema, aliapa kwamba alisoma yaliyoandikwa tu. Nilichukua kitabu chake nikapitia ukurasa ule mara mbili. Hapakuwa na maji, wala ng'ambo.

"Bwanangu ndiye aliyeniitanga hivyo," mshonaji akasema. "Tukiwa wawili nyumbani. Hata mamake hakulijua."

Muuguzi alimshika mzee mkono akampima mapigo ya moyo. Akamwambia mshonaji kwamba moyo ukingoja sana husikia unachotaka kusikia. Lakini mimi na mshonaji tulilisikia jina lile, na muuguzi pia, kwa sababu njiani tukirudi nyumbani alinishika kiwiko akauliza, "Alimwita vipi, tena?" Nikalitamka. Akatikisa kichwa, akaniomba nisilirudie.

Wiki mbili baadaye mgomba ulizikwa, adhuhuri, jua likiwaka. Mzee alisimama mbali, kwenye ua, hakutaka kukaribia. Mshonaji aliondoka kando ya kaburi akamfuata.

"Karibu, mzee wangu. Ulitumwa tu."

"Mimi sijui nilitumwa na nani, mama," akamjibu. Hata hivyo alienda naye, akatupia udongo wake.

Nilidhani kikundi kimekufa, lakini mshonaji ndiye aliyepiga simu kuuliza tutamaliza lini. Tulisoma mpaka mwisho. Alipofunga kitabu alikuwa na hasira.

"Na yule baba? Wamekufa wote, na hakuna aliyerudi kumwambia kwamba mambo yamekwisha. Bado anatembea huko."

Nilikuwa nimeisoma tamthilia ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sikuwahi kumfikiria mfalme baada ya kutoka jukwaani.

Muuguzi alipendekeza turudie sehemu tulizozipenda. Mzee akasema hatamsoma tena marehemu, hata kwa dawa.

"Basi nipeni mimi," mshonaji akasema.

Alianza kusoma. Mzee aliondoka kitini akaenda kusimama mlangoni, mgongo wake kwetu, mpaka mshonaji alipomaliza.