Mbwa Aliyemuungamisha Baba

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa letu la Kilutheri pale Kitendaguro, na mbwa wetu alizeeka pamoja naye bila ugomvi. Asubuhi moja, enzi za Mwingereza, baba alitoka migombani kwenye sala yake ya alfajiri, akaingia uani, na yule mbwa akamrukia kama anamrukia mwizi. Kesho yake tena. Sisi wengine hakutugusa.

Mahali pengine hiyo ingebaki habari ya mbwa. Kwetu uamsho ulikuwa umepamba moto, na kila Jumapili watu walisimama kuungama mbele ya wenzao. Jirani yetu, naye mlokole, alichungulia kutoka kwenye kibanja chake, shamba la migomba lililopakana na letu.

"Mzee, mnyama haangalii kanzu. Anaangalia moyo. Jichunguze."

Baba akajichunguza. Jumapili akaungama kwamba kwenye harusi ya shemeji yake kule Muleba alikunywa kibuyu kizima cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, huku akidai ni juisi. Watu wakaimba kwa furaha. Jumatatu mbwa akamngurumia vilevile.

"Bado kuna kitu," jirani alisema, kwa upole wa kuogofya.

Baba hakula siku mbili. Kitu kilichobaki alikijua, na alijua pia kwamba kikitajwa atapoteza uzee wa kanisa na kuzuiwa kwenye meza ya Bwana, vitu alivyovipenda kuliko chakula. Jumapili iliyofuata akasimama, akasema kwamba zamani aliing'oa milamula, ile mimea ya mpaka, akaipanda upya ndani ya kibanja cha jirani.

Jirani alikuwa benchi la pili. "Hatua ngapi?" akauliza kabla ya amina.

"Tatu."

"Huyo mbwa ni mzuri sana. Nitamletea nyama."

Akaileta kweli. Mama alipoiweka chini, mbwa alinusanusa kulia na kushoto, akagonga kichwa kwenye nguzo ya mlango. Mama akapitisha mkono mbele ya macho yake meupe. Akapiga makofi nyuma ya masikio. Wapi!

"Baba watoto, huyu haoni wala hasikii. Sisi tunampapasa kwanza. Wewe unatoka kwenye sala umefumba macho, unamkanyaga mkia ukimshukuru Mungu."

Baba akamwinamia mbwa. "Mbona hukugundua kabla ya Jumapili?"

"Jumapili ipi? Ya lubisi au ya mpaka?"

Wazee wenzake walimpenda. Walikuja nyumbani na njia nyepesi: kwa kuwa mbwa ni mgonjwa tu, na ungamo lile lilitoka kwa kukosea, basi lihesabiwe kama halikusemwa. Nami nilikuwa pembeni nikimwomba Mungu baba akubali, maana shuleni walikuwa wameanza kunibwekea.

Baba akawapa kahawa ya kutafuna kama wageni wote, akangoja wamalize.

"Ndugu zangu, kipofu ni mbwa. Mimi milamula niliing'oa nikiona."

Akaenda kukaa benchi la nyuma, pamoja na waliotengwa. Nafasi yake ya uzee wakampa jirani, ambaye, namshukuru Mungu kwa ajili yake, aliitumikia vizuri kwa miaka mingi.