Glasi Juu ya Tundu la Maji

Fundi bomba huyu wanamwita Bi Glasi, na jina limemkaa. Mafundi wenzake wakiingia nyumbani kwako huanza kubomoa sakafu. Yeye huanza kwa kuomba glasi. Jioni hufunika kila tundu la maji machafu kwa glasi, akaenda zake. Asubuhi hurudi kuona nani kanasa.

Alipoitwa na mke wa seremala, aliyeolewa juzijuzi tu, binti wa watu alikuwa amekonda kwa aibu. Inzi wadogo weusi walijaa kutani, na mama mkwe anayeishi nao alishamwambia jirani kuwa mwanawe kaoa mchafu. Na binti mwenyewe hamwiti ila "wewe". Binti akamwaga maji ya moto, akamwaga dawa, akasugua sakafu mpaka vidole vikachubuka. Wapi! Inzi ni walewale.

Bi Glasi alimkamata mmoja ukutani.

"Tazama mabawa, mwanangu. Yana manyoya kama ya nondo, na akitua yanafanya umbo la moyo. Hata kuruka kwenyewe kunamshinda. Ukimponda, anabaki vumbi."

"Anauma?"

"Huyu? Hana habari na wewe. Kazi wanayo watoto wake, vifunza vyembamba vinavyokula utelezi ndani ya bomba na kupumulia mkiani. Dawa yako inapita juu, wao wamejichimbia chini wanastarehe. Utelezi wenyewe ndio wa kusugua, kwa brashi."

Lakini asubuhi, glasi alizofunika jikoni na bafuni zilikuwa tupu. Lilibaki tundu moja, chumbani kwa mama mkwe, pembeni, ambako bibi huyo humwaga maji ya kunawia uso kisha akalifunika kwa mkeka.

Mwingine hapo angepiga kelele mtaa mzima usikie. Bi Glasi alitia glasi mkobani, akabisha hodi kwa adabu, akalifunika tundu, na kesho yake akaingia tena peke yake, akafunga mlango. Binti alibaki nje. Waliongea nini humo ndani, Bi Glasi hajamwambia mtu hadi leo, na kwa hilo tu mimi namvulia kofia.

Mlango ulipofunguliwa, mama mkwe alitoka amekunja mikono ya gauni, macho chini.

"Mwanangu," alisema, "nipe hiyo brashi. Nikimaliza, nakwenda mwenyewe kwa jirani."